Miwani Namba Nne

Nilikwenda Butiama kumzika Mwalimu Manyama kwa sababu nilitaka kuona kwa macho yangu kaburi lake likifunikwa. Sikwenda kulia. Nilivaa gauni jeusi lililopigwa pasi vizuri, nikakaa kwenye kiti cha plastiki mstari wa tatu chini ya turubai, na sahani zilipopitishwa nikapokea wali na nyama, nikala mpaka nikashiba. Nyuma yangu wanaume wawili walikuwa wanamsifu marehemu. "Huyu alikuwaga mtu wa watu," mmoja alisema. "Manesi wa mkoa huu, nusu yao ni mikono yake." Mwenzake akaitikia kwamba wala hakuwaga na majivuno. Mimi nilitafuna taratibu. Upande wa pili wa turubai alikaa Rhobi, kanga imefunika kichwa, macho chini. Tulisoma darasa moja tukalala chumba kimoja, na kwa miaka kumi na moja hatujasalimiana. Padre alipotuomba tumsamehe marehemu kama alimkosea yeyote kati yetu, watu wote wakasema amina. Mimi nilifunga mdomo. Jioni, wenzangu wa darasa wakaniandikia kwenye kundi letu la simu kwamba, kwa kuwa mimi ndiye ninayefundisha sasa pale chuoni, nitunge maneno machache ya kumkumbuka mwalimu wetu. Nikajibu kwamba nitatunga. Haya ndiyo maneno yenyewe, na si machache.

Mwaka ninaoukumbuka ulikuwa mwaka wangu wa pili wa masomo ya uuguzi, Musoma. Mimi na Rhobi tulipanga chumba kimoja Mwisenge, chumba chenye kitanda cha futi nne, meza ya kukunja, na dirisha lililotazamana na ukuta wa duka la spea za pikipiki, kiasi kwamba mchana kutwa tulisikia mafundi wakibishana kuhusu mpira kama vile wamo humo ndani pamoja nasi. Asubuhi tulikunywa chai ya rangi na viazi vitamu vilivyobaki jana. Jioni tulisonga ugali wa udaga, unga wa muhogo uliovundikwa, na Rhobi, ambaye mkono wake wa jikoni sijauona kwa mtu mwingine, aliunga furu wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa karanga mpaka mama mwenye nyumba akawa anapita mlangoni kwetu bila shughuli yoyote. Tulijifunza kutafuta mishipa kwa kutumia mikono yetu wenyewe. Alinifunga mpira juu ya kiwiko, akapapasa kwa kidole kimoja, akasema, "Huu hapa, Nyanju, unakimbia kama panya lakini nimeuona." Alikuwa na mkono mwepesi. Mimi nilimshinda kwenye mitihani ya kuandika, yeye alinishinda wodini, na hatukuoneana wivu. Tofauti yetu kubwa ilikuwa moja: Rhobi alimwogopa Mwalimu Manyama. Akiitwa jina darasani shingo yake ilitoa jasho. Nilimtaniaga kwa hilo. Leo najiuliza kwa nini nililiona ni jambo la kutania.

Mwaka huo ndipo miwani ilipofika. Ilikuja sita ndani ya sanduku gumu jeusi, pamoja na bangili za kuvaa mkononi wakati wa kujifunza kukandamiza kifua cha mwanasesere. Ukikandamiza kwa kina kisichotosha bangili ilitetemeka, na tulicheka sana wiki ile ya kwanza kwa sababu mkono wa kila mtu ulikuwa unatetemeka. Miwani haikuwa ya kucheka. Ilikuwa na fremu nene, na pembeni kijicho cha kamera kidogo kama punje ya mtama. Nyuma ya sikio kulikuwa na kitu cha kuingiza sauti, ambayo uliisikia wewe peke yako. Mwanafunzi angeivaa akiwa wodini Bunda, na Mwalimu Manyama, akiwa amekaa kwenye chumba cha mazoezi pale chuoni Musoma, angeona kwenye skrini kila kitu anachokiona mwanafunzi na kumwelekeza neno kwa neno. "Nitakuwa nimesimama ndani ya vichwa vyenu," alituambia, na alilipenda hilo neno, akalirudia. Yote yalirekodiwa kwenye kishikwambi chake. Jambo moja hatukulifikiria, hata mimi niliyejiona mwerevu. Miwani inaona kila kitu isipokuwa anayeivaa. Kwenye picha unaona mikono tu, na mikono ya wauguzi ikishavaa glavu inafanana.

Siku yenyewe tulikuwa zamu hospitalini Bunda, wodi ya wanawake. Asubuhi nilivaa mimi miwani namba nne. Mchana nikamkabidhi Rhobi, nikatumwa maabara kupeleka sampuli, na huko foleni ikanishika. Nesi wa zamu aliitwa wodi ya wazazi. Kitanda cha mwisho alilazwa Mama Bwire, fundi cherehani wa Guta, mgonjwa wa kisukari aliyeletwa sukari imeshuka hadi hajitambui vizuri. Daktari alikuwa ameandika apewe dextrose, maji mazito ya sukari yanayovutwa kwenye bomba kubwa la sindano na kuingizwa polepole kupitia kanula, ule mrija mdogo unaokaa ndani ya mshipa. Kila mwanafunzi anajua hatari yake. Kanula ikiwa imetoka kwenye mshipa, maji yale yanaingia kwenye nyama, na nyama inakufa. Niliporudi kutoka maabara nilikuta mkono wa kulia wa yule mama umevimba kama andazi, ngozi inang'aa, naye analia kwa sauti ndogo. Rhobi alikuwa amesimama ukutani, miwani ameishika mkononi. "Nimeharibu," aliniambia. "Nyanju, nimeharibu." Nilikimbia kumwita nesi. Nilimfunika Rhobi mabega kwa shuka nililolikuta hapo, maana alikuwa anatetemeka. Nakumbuka shuka lile kuliko vitu vingine vyote vya siku ile. Nilimfunika mimi.

Baada ya siku kumi tuliitwa ofisini kwa mkuu wa chuo, mwanamke mkali aliyeheshimika, tuliyemwita Madam tu. Ngozi ya mkono wa Mama Bwire ilikuwa imeanza kuwa nyeusi, na binti yake alikuwa amekuja chuoni kulalamika. Mwalimu Manyama aliweka mezani rejista ya miwani, ambayo aliiandika yeye mwenyewe. Asubuhi, namba nne, Nyanjura. Mchana, namba nne, Nyanjura. Halafu akacheza ile picha ya video. Glavu mbili, bomba, mkono unaovimba, bomba linaendelea kusukumwa. Kimya kabisa. "Sauti siku hiyo ilikuwa na hitilafu," alisema. Nilicheka, nikidhani ni kosa dogo litakalorekebishwa mara moja, nikasema, "Madam, huyo si mimi. Nilikuwa maabara. Muulize Rhobi." Madam akamgeukia Rhobi. Rhobi alitazama viatu vyake, akasema polepole lakini vizuri, kila mtu akasikia: "Ilikuwa zamu ya Nyanjura."

Nilisimamishwa masomo mwaka mzima; kitabu cha maabara hakuna aliyejali kukiomba. Nilifungasha vitu vyangu Mwisenge wakati yeye yuko darasani, na nikachukua sufuria ya ugali ingawa tuliinunua pamoja, kwa sababu nilitaka akirudi na njaa akose cha kusongea. Huo ulikuwa mwanzo. Watu wanasema hasira hupoa. Ya kwangu haikupoa. Nilirudi nyumbani Bugwema nikalima pamba, na kila jembe liliposhuka nilikuwa najua linamshukia nani. Nilitunga hotuba. Nilizisema kwa sauti shambani, na wanawake wa shamba la jirani wakaanza kunipa pole kama mgonjwa. Baada ya mwezi niliona hotuba hazitoshi, nikapanda gari hadi Bunda, nikaulizia njia ya kwenda Guta.

Mama Bwire alikuwa amekaa kibarazani, cherehani kimefunikwa mfuko wa plastiki pembeni yake. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimejikunja ndani, na juu ya kiganja palikuwa na kovu bichi, jekundu. Nilimwamkia, nikamwambia mimi ndiye wanayesema nilimchoma. Binti yake alitoka ndani na mwiko mkononi, na sidhani alikuwa anapika.

"Mwache aseme," Mama Bwire alimwambia. Akanitazama muda mrefu. "Ongea kidogo, mwanangu. Sema chochote."

"Niseme nini, mama?"

"Hivyohivyo. Endelea."

Nikaendelea. Nilimweleza habari za maabara, foleni, rejista. Akatikisa kichwa. "Siyo wewe. Uso sikuuona, nilikuwaga kama niko ndani ya maji. Ila sauti nilisikia. Yule binti alikuwa anaongea na mtu. Mara 'sir, inavimba', mara 'ndiyo sir', 'ndiyo sir'. Na pale pembeni hakuna mtu! Mimi nikasema basi nimekufa, huyu anaongea na malaika."

Binti yake aliniletea maji ya kunywa. Nilikaa pale mpaka jua likageuka, nikala nao uji wa ulezi, na mwilini nilihisi utulivu ambao sikuwa nao tangu siku ya rejista. Sauti haikuwa na hitilafu. Sauti iliondolewa. Na mtu haondoi sauti ya mwanafunzi. Anaondoa ya kwake.

Nilirudi Musoma nikatafuta kazi katika kampuni iliyosafisha majengo ya chuo. Walinipa ovaroli ya bluu, barakoa, kilemba na ndoo. Nilijua wengine watanitambua, nikajiandaa, lakini nilijiandaa bure. Hakuna anayemtazama mtu wa usafi usoni. Wanafunzi niliosoma nao waliruka sakafu niliyodeki wakisema "samahani dada" bila kugeuka. Siku moja Mwalimu Manyama alikuwa amekaa chumba cha mazoezi anaongea kwa simu, nami nikafika na dekio kwenye meza yake. Aliinua miguu yote miwili juu, kama mtoto, ili nipitishe dekio chini, na hakuacha kuongea. Alikuwa anamwambia mtu kwamba mradi wa miwani unakwenda vizuri, kwamba ataalikwa nje kwenda kuuelezea. Nilideki pale chini kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilitazama soksi zake. Sijawahi kumchukia mtu kwa ukaribu namna ile, na nikiri kwamba nilifurahia.

Kabati la vifaa lilikuwa linafungwa kila siku, na wiki saba nililikuta limefungwa. Wiki ya nane, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nililikuta wazi, funguo zikining'inia. Kishikwambi kilikuwa palepale. Namba zake za siri tulizijua darasa zima, maana alikuwa akizibonyeza mbele yetu. Nikaingia nacho stoo ya ndoo, nikafunga mlango, nikaketi juu ya kopo la sabuni, nikachomeka visikizio. Faili aliyotuonyesha ofisini aliikata sauti na kuihifadhi upya, lakini ile ya awali, nzima, ilikuwa bado chini kwenye orodha, na tarehe yake. Nikabonyeza.

Kwanza nilimsikia Rhobi akimwongelesha Mama Bwire kwa upole, akimweleza anachofanya, kama tulivyofundishwa. Halafu akasema, "Sir, naona inavimba." Sauti ya Manyama ikaja, ya chini, ya mtu anayeongea huku anatabasamu na watu wengine: "Ni kawaida. Endelea." Rhobi akasema, "Sir, mgonjwa analalamika. Nitoe?" Naye akamjibu, "Usitoe. Nina wageni wa mradi hapa wanaangalia. Sukuma. Usinitie aibu." Kisha, "Ndiyo sir." Na mikono ile yenye glavu ikasukuma. Mama Bwire akapiga kelele. "Ndiyo sir," Rhobi alirudia, ingawa hakuna aliyemwambia kitu tena, kwa sababu mwalimu alikuwa ameshahamia kwenye miwani nyingine.

Nilisikiliza mara tatu. Nilikuwa nimekuja kumtafuta Rhobi, na niliyempata ni mtu mwingine aliyekuwa amesimama ndani ya kichwa chake. Nilinakili yote kwenye simu yangu, nikarudisha kishikwambi mahali pake, nikadeki vyumba vyote vilivyobaki, na siku hiyo sakafu za chuo kile zilikuwa safi sana.

Yule aliyenitambua, hatimaye, alikuwa Rhobi. Alinifuata Mwisenge, kwenye chumba nilichokuwa nimepanga nyuma ya mashine ya kusaga. Alisimama mlangoni. Alikuwa amekonda. Sikumkaribisha, lakini nilimwekea simu mezani nikaicheza, ili asikie kwamba ninayo. Aliposikia sauti yake mwenyewe ikisema inavimba, alikaa chini sakafuni.

"Aliniambia nikisema atanifelisha," alisema. "Akasema wewe una akili, mwaka mmoja si kitu kwako, utarudi. Mimi nikitoka sirudi."

"Na ukaamini."

"Niliamini kwa sababu ni kweli." Alifuta pua kwa kiganja. "Nyanju, nakuomba. Kata. Acha sauti yake, yangu itoe. Sema ni mwanafunzi tu. Video haionyeshi uso."

Ningeweza. Ningepeleka sauti ya mwalimu peke yake, na safari yangu ya maabara ingethibitishwa na kitabu cha maabara. Nililifikiria jambo hilo kwa muda usiozidi kuchemka kwa chai. Nikamwambia, "Yeye alikata sauti ili kuniondoa mimi. Wewe unataka nikate ili kukuacha wewe. Mimi sikati." Aliondoka bila kuaga, na nilipofunga mlango nilijisikia mshindi. Sisemi hivi kwa kujisifu. Nasema kwa kuwa ndivyo nilivyojisikia.

Sikuipeleka mwenyewe. Niliipeleka Guta, nikampa Mama Bwire, naye akaja Musoma na binti yake, wakaingia ofisini kwa Madam wakati wa kikao cha walimu, mimi nikiwa nyuma yao bado nimevaa ovaroli na barakoa, ndoo mkononi. Sauti ikachezwa hadi mwisho. Mwalimu Manyama alisema hiyo imetengenezwa, siku hizi sauti zinatengenezwa. Mama Bwire alinyanyua mkono wake wa kulia, akauweka mezani juu ya makaratasi, mbele ya mwalimu, vidole vimejikunja, akauacha hapo. Manyama aliutazama, halafu akatazama mlango, na huko mlangoni ndiko nilikokuwa nimesimama mimi. Nilivua barakoa. Ule ndio uso niliouvizia miezi yote ile, na niliuona vizuri: midomo ilifunguka, macho yakashuka kwenye ovaroli, kwenye ndoo, na nikajua kwamba anakumbuka alivyoninyanyulia miguu.

Madam alimuuliza Mama Bwire anataka nini. Sote tulingoja aseme fidia. Alisema, "Nataka watoto wenu wote mnaowafundisha wasikie hii. Kila mwaka. Msiwafiche jina la mwalimu." Madam aliandika hilo kwa mkono wake na kuweka sahihi. Manyama aliondolewa kwenye kufundisha, akahamishiwa ofisi isiyo na wanafunzi wala wagonjwa, ambako alikaa mpaka kustaafu. Ile safari ya nje hakuiona. Rhobi alifukuzwa. Sasa anauza vitenge Bunda sokoni, na nikipita mtaa ule hupita upande wa pili. Mimi nilirudishwa darasani, nikamaliza, nikafanya kazi wodini, na baadaye nikapewa nafasi ya kufundisha katika chumba kilekile cha mazoezi. Miwani ya sasa ni myepesi kuliko ile. Kila darasa jipya, kabla halijaivaa, nalichezea ile sauti, nzima, na nataja jina. Wenzangu wawili walimu wameniambia niache. Mjane wa marehemu alinishika mkono pale msibani akaniomba vilevile, kwa adabu, akiniita mwanangu. Nilimpa pole, sikumpa ahadi.

Kwa hiyo Jumatatu niliwachezea darasa la mwaka huu. Walisikiliza hadi mwisho. Binti mmoja anayeitwa Wankyo, anayekaaga dirishani na haulizagi kitu, alinyoosha mkono.

"Madam, huyo dada aliona inavimba. Kwa nini hakuchomoa tu?"

"Alimwogopa mwalimu," nilijibu. Ndilo jibu ninalotoa kila mwaka.

"Na wewe, madam? Ingekuwa ni wewe siku hiyo umevaa, ungechomoa?"

Katika miaka yote hakuna aliyewahi kuniuliza. Niliona chumba, mwanasesere kitandani, vijana thelathini waliovaa nyeupe wakinitazama wakitaka nijibu ndiyo. Nilikumbuka umri wangu wa wakati ule, na sauti ile ya chini nyuma ya sikio.

"Nisingechomoa," nilisema. "Ningesukuma."

Wankyo alikuwa bado amenyoosha mkono, kama amesahau kuushusha.

"Lakini ofisini," nikaongeza, "ningesema ni mimi."

Sijui kama ni kweli. Nililisema hivyo hivyo, kwa sauti ya mwalimu, na wote wakaliandika.